Siku Kumi za Kulinda Kaboni

Mama yangu hakuwahi kuamini kwamba kuna kazi inayojifanya yenyewe. Ukitaka kumuudhi, ungemwambia chakula kitajipika au shamba litajipalilia. Alikuwa mkulima wa uwele na ndengu huko chini Mbeere, upande ule wa Embu ambao mvua huupita kama haiujui, na maisha yake yote hakuona kitu kilichostawi bila mtu kukikodolea macho. Naanzia hapo kwa sababu, kama angekuwa mtu wa imani nyingine, angekufa nikiwa nimemshika mkono.

Mimi nafundisha fizikia katika chuo kikuu kimoja mjini Meru. Wakati wa mambo haya nilikuwa mwaka wa tano wa shahada ya uzamifu iliyotakiwa kuchukua mitatu, na utafiti wangu ulikuwa juu ya viini vya atomu. Watu wakisikia hivyo huniuliza kama natengeneza bomu. Sitengenezi bomu. Nilikuwa nimechukua kiini cha kaboni, si ile ya kawaida iliyo ndani ya makaa ya jikoni, bali aina yake moja yenye protoni sita na nyutroni kumi na mbili, ambayo ikitengenezwa maabara hutoweka kabla hujapepesa jicho. Nilitaka kujua chembe hizo kumi na nane zinashikanaje kwa muda huo mfupi, na kiini kizima kina umbo gani kabla hakijabadilika kuwa kitu kingine. Swali lenyewe ni la mistari miwili. Jibu halitoki kwa kalamu na karatasi, maana kila chembe inazivuta nyingine zote, na namna zinavyoweza kujipanga hazina hesabu ya kichwani. Ndiyo sababu mtu wa kazi yangu hulazimika kuomba kompyuta kuu.

Hiyo kompyuta sijawahi kuiona. Iko katika nchi ya baridi, ndani ya jumba ambalo nimeliona kwenye picha tu, makabati meusi yamejipanga kama makaburi ya matajiri. Mimi niliifikia kwa laptopu, kutoka chumba cha kupanga pale Kaaga, kando ya mji wa Meru, kwa intaneti iliyokuwa ikizirai kila upepo ukivuma. Unaandika barua, unaeleza unataka kuhesabu nini, na ukibahatika unagawiwa saa za kutumia kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, saa ulizobakisha zimekwenda. Unapanga foleni na wanasayansi wa nusu ya dunia. Kila kazi inapewa siku mbili, na zikiisha mashine inakutupa nje hata kama ulikuwa umebakisha neno moja. Hesabu yangu ilihitaji zamu tano za namna hiyo, moja ikipokea pale mwenzake alipoachia. Katikati ya zamu, mafaili hukaa katika hifadhi ya muda, na faili lisiloguswa kwa wiki kadhaa hufagiliwa. Haliulizwi, na mwenyewe haulizwi.

Mwaka wa kwanza wa kutumia mashine nilifanya kila kitu kwa mkono. Niliweka zamu, nikangoja foleni, nikakagua matokeo, nikaweka nyingine. Nilikuwa nimemaliza zamu tatu simu ilipopigwa kutoka nyumbani. Alikuwa jirani yetu, mwanamke niliyemwita tata, yaani shangazi, tangu utotoni ingawa hatukuwa ndugu wa damu. Alisema mama ameanguka kando ya ghala na miguu imemvimba haiingii viatu.

Hospitalini Embu daktari alikuwa kijana mpole, aliyetuonea huruma kwa dhati. Alinitoa nje akaniambia moyo wa mama umechoka, dawa atampa, lakini nimpeleke nyumbani nikae naye, huenda asipitishe wiki mbili. Nikakaa naye. Mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki, mkubwa wangu alikufa kabla ya kuota meno. Nilimwosha, nikampikia uji, nikampakata miguu nikimkanda. Kwetu mtandao haupatikani ila juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya kanisa. Mara mbili nilikumbuka kwamba yanipasa kupanda pale, niingie kwenye mashine, niyaguse yale mafaili ili yasifagiliwe. Ni kazi ya dakika mbili. Mara ya kwanza mama alikuwa ametapika nikaahirisha. Mara ya pili nilijikasirikia kwa kuwaza habari za kaboni huku mzazi wangu anakata roho, nikakataa kwenda. Nilijiona mtoto mwema kweli.

Wiki mbili zikapita. Wiki ya tatu mama akaomba nyama. Wiki ya nne alikuwa ameketi mlangoni anagombana na kuku. Wiki ya tano nikapanda jiwe, nikafungua simu, na ujumbe wa msimamizi wangu ulikuwa umenisubiri siku nne. Aliandika: "Nimecheki leo asubuhi, mafaili yote yamefagiliwa. Nilikutafuta hupatikani. Na mwaka wetu wa kutumia mashine umeisha jana. Pole sana."

Nilishuka jiwe lile nikiwa sioni mbele. Mama alikuwa kwenye kivuli cha ghala, anachagua ndengu kwenye uteo. Aliniangalia akajua kuna jambo. Kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, alizoea kuniita mama, kama ilivyo desturi ya kwetu.

"Kuna nini, mama?"

Kimbeere chetu kina maneno ya upole kwa kila kitu, ningeweza kuchagua. Nikamwambia, "Kazi ya mwaka mzima imepotea. Niliambiwa unakufa, nikaiacha. Na hukufa."

Aliendelea kuchagua ndengu. Alitoa kijiwe, akakitupa, akatoa kingine.

"Hata mimi niliambiwa hivyo," alisema.

Hasira zangu huja haraka na kuondoka haraka, zikiniacha na uchafu wa kusafisha. Nilikaa chini nikamwomba msamaha, akasema hakuna neno. Kisha, labda kwa kunionea aibu, akataka nimweleze hiyo kazi iliyopotea. Nikamweleza nilivyoweza: kwamba kuna mashine kubwa, kwamba naiwekea hesabu kipande kwa kipande, kwamba nilitakiwa kuwa naiangalia na sikuiangalia.

"Ulikuwa unailinda," alisema.

"Ndiyo."

"Ukashuka dunguni."

"Ndiyo, Mama."

"Ndege wakala."

Akanihadithia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Akiwa msichana mdogo waliwekwa kulinda uwele, kila mtoto juu ya dungu lake la miti katikati ya shamba, na kombeo na rundo la mawe, tangu alfajiri hadi jua kuzama. Kwelea wakija huja wingu zima, na uwele uliokomaa huweza kuisha kabla mtu hajala chakula chake. Siku moja mama yake alimwita nyumbani. Alikuwa na maumivu ya uzazi na peke yake, akapiga kelele kuita, na mtoto akashuka. Aliporudi dunguni masuke yalikuwa yamesimama matupu. Mwaka ule walikula matunda ya porini na chakula cha msaada, na kile kichanga kilichozaliwa hakikuumaliza.

"Mama yangu alijilaumu kwa kuita mpaka alipokufa," alisema. "Si mimi kwa kushuka. Yeye kwa kuita."

Sikuitilia maanani. Niliiona ni hadithi nzuri ya kuliwaza mtu, nikarudi Meru.

Mwaka uliofuata tukaandika barua nyingine, tukagawiwa saa nyingine, na chuo kikaniandikia kwamba nisipowasilisha tasnifu kabla ya mwaka kuisha jina langu litaondolewa. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Lakini safari hii msimamizi alinifundisha kitu ambacho ningepaswa kukijua tangu mwanzo. Unaandika maagizo mara moja, zamu ya kwanza ikiisha inaamsha ya pili, ya pili inaamsha ya tatu, na kila moja ikimaliza inahamisha matokeo yake yenyewe hadi hifadhi ya kudumu. Niliyaandika kwa adhuhuri moja. Nikayasoma mara tatu, nikabonyeza kitufe. Baada ya hapo mashine haikunihitaji tena kwa lolote.

Nikampigia mama. Tata alikuwa amemzoesha kutembea polepole hadi kwenye lile jiwe la nyuma ya kanisa kila saa nne asubuhi ili simu ishike.

"Nimeanza," nikamwambia.

"Siku ngapi?"

"Kumi, foleni ikiwa nzuri."

"Siku kumi huondoki hapo."

Hapo ndipo ningemwambia. Maneno yalikuwa matatu tu: Mama, inajifanya yenyewe. Angebisha, ningecheka, ningepanda gari kesho yake nikae naye siku zote kumi, na kaboni yangu ingeendelea kuhesabiwa ng'ambo kama kawaida. Sikusema, na sababu yake si nzuri. Tangu lile neno nililomtupia chini ya ghala, nyumbani kulikuwa kumeniwia kugumu. Kila nikienda alinihudumia kwanza, alinishukuru kwa kila kitu kama mgeni, na hakuniomba hata nimsogezee kiti. Nilikuwa naona aibu, na aibu yangu ilikuwa imeanza kugeuka uvivu wa kwenda. Yeye mwenyewe akanipa kisingizio, nikakipokea kwa mikono miwili.

"Siondoki, Mama."

"Vizuri," alisema. "Usiondoke."

Basi niseme nilizitumia vipi siku hizo kumi. Nilisahihisha mitihani. Nilienda soko la Gakoromone nikanunua ndizi na viazi vikuu, nikasimama kupiga soga na muuzaji hadi jua likanichoma shingo. Jumamosi nilihudhuria posa ya mwalimu mwenzangu nikala nikashiba. Asubuhi na jioni nilifungua laptopu, nikaona zamu inakwenda, nikaifunga. Siku ya sita niliingia saluni mjini Meru kusukwa.

"Madam, leo huna haraka?" msusi aliniuliza.

"Leo sina."

"Basi tuweke ile ndogo ndogo. Inakaa hata miezi mbili."

Nilikaa kwenye kile kiti saa tano. Katikati ya kusukwa mama akapiga simu, si saa yake ya kawaida. Nilimwomba msusi anyamaze kidogo.

"Ndege wako wapi?" mama aliuliza.

"Wametulia, Mama. Inaenda vizuri."

Akapumua. Nilisikia pumzi inavyopanda kwa shida na kukatika kabla haijafika juu.

"Mbona unahema?"

"Nimetoka kupanda huku kwenye jiwe. Jua kali. Kaa hapo hapo, mama."

Akakata. Nilishika ile simu. Nilikuwa nimemuuguza mtu yule wiki tano, niliijua pumzi ile jinsi ninavyolijua jina langu. Nilijua. Nilijiambia ni jua, ni kilima, ni uzee, halafu nikainamisha kichwa msusi aendelee.

Siku ya nane, nikiwa darasani naandika ubaoni, simu ikatetemeka mezani mara ya tatu mfululizo, nikatoka nje kuipokea. Ilikuwa tata. Hakulia. Alisema, "Kaa chini kwanza," nami nikakaa kwenye ngazi mbele ya wanafunzi waliokuwa wakipita, naye akasema mama ametuacha asubuhi hiyo, kabla uji haujapoa.

Nilipofika nyumbani jioni ile mwili ulikuwa umeshapelekwa Embu. Yaliyotokea tata alinieleza asubuhi iliyofuata, mimi nikiwa nimekaa kitandani kwa mama na yeye amesimama mlangoni, kana kwamba amekuja kukiri kosa. Miguu ilianza kuvimba siku ya nne ya hesabu yangu. Tata alitaka kunipigia siku hiyo hiyo. Mama alimkataza. Alimwambia niko juu ya dungu, na kwamba mtoto akiitwa na mama yake atashuka tu, hata kama anajua kitakachotokea. Hospitali pia alikataa, kwa kuwa alijua wangenipigia mimi. Siku ya sita ndiyo aliyodai apelekwe hadi kwenye jiwe, akiegemea bega la tata, wakipumzika kila hatua chache, ili asikie kama ndege wametulia. Baada ya hapo hakuweza kulala chali. Siku mbili alikaa wima ameegemea ukuta, tata amemshika, na kila kulipokucha aliuliza leo ni siku ya ngapi.

"Alinifanya niape," tata alisema. "Nilitaka kuvunja. Jana asubuhi nilikuwa nimeshika simu niende jiweni. Akaniangalia tu."

Juu ya meza ndogo kulikuwa na kifuniko cha kopo la majani chai. Mama alikuwa ameweka ndani yake ndengu kumi, akitoa moja kila asubuhi. Zilikuwa zimebaki mbili.

Nikafungua kinywa kumwambia tata ukweli, kwa sababu sikuweza kuuzuia, na pia kwa sababu nilitaka mtu anipige. Ndipo nikamtazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha, mabega yameinama kwa kumbeba mtu mzito. Huyu ndiye aliyemshikilia rafiki yake siku zote zile akizama katika maji ya mapafu yake mwenyewe, simu ikiwa mfukoni, kwa kuwa aliamini kuna kitu kinacholindwa. Nikafumba kinywa.

Siku ya kumi nilipanda jiwe kuwapigia wajomba habari za mazishi. Simu ilipopata mtandao, ujumbe wa kwanza kuingia ulitoka kwenye mashine. Zamu ya tano imekamilika. Matokeo yamehifadhiwa. Hakuna hitilafu yoyote. Nilisimama juu ya jiwe na nywele zangu mpya, nikaona shamba la mama chini, uwele wa msimu ule umekomaa nusu, na ndege wachache wanatua juu yake, hakuna wa kuwafukuza.

Nilipotelemka wanawake walikuwa uani wanachagua maharagwe ya waombolezaji. Tata akainua kichwa. Nadhani swali lilikuwa limemkaa rohoni tangu nilipofika.

"Na ile mashine," aliuliza, "umemwachia nani?"

Wanawake wote wakaacha kuchagua. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinajua.

"Nimemwachia mwenzangu," nikasema.

"Ni mtu wa kuaminika? Hatashuka?"

"Hatashuka."

"Mungu ashukuriwe," alisema, na wenzake wakaitikia, na wakarudi kwenye maharagwe. Siku ya mazishi, kanisani, mchungaji alimsifu mama kwa kumwacha mtoto wake akamilishe kazi aliyopewa. Nilikaa kiti cha mbele, nikatazama viatu vyangu.

Hesabu ilitoka safi kuliko nilivyotarajia. Kiini changu kinashikana kwa nguvu inayokaribiana sana na ile iliyopimwa maabara, na umbo lake tumelichora. Tasnifu ilipita bila masahihisho makubwa. Sasa wanafunzi wananiita Daktari, na kila mwaka nawafundisha kuandika maagizo ya zamu tangu wiki ya kwanza. Nawaambia wakishabonyeza kitufe waende kwao, wakawaone wazazi. Wanacheka, wanadhani ni mzaha wangu wa kila mwaka.

Tata nilimtembelea mwezi uliopita. Amezeeka ghafla, haoni vizuri. Aliuliza habari za Meru, za baridi ya huko, za kuolewa kwangu ambako hakujatokea. Kisha akanishika mkono.

"Sijawahi kukuuliza. Uliweza kuvuna?"

"Niliweza, tata."

"Chote?"

"Chote."

Akakubali kwa kichwa, mkono wake bado uko juu ya wangu.

"Kwa hiyo tulifanya vizuri kutokuita," alisema.

Nikamwambia ndiyo, walifanya vizuri.